Nukta Pembeni ya Nyota

Yaya Kambale, kaka yangu mukubwa,

Hapana kukusalimia leo. Niko na hasira, na nikiandika salamu nitakuwa nasema bongo, uongo mutupu. Bongo yako peke inatosha.

Juzi nilifungua ordinateur yako, ile kompyuta ya kazi, hapa Butembo. Nilitaka tu kutumia profesa wako zile picha za sayari, ile ulimuahidi kabla homa ikubebe. Nikarudilia kazi yote sawa ulinifundisha: kukamata picha za nyota, zenye anga inazunguka kidogo kwa kila moja, kutafuta mwangaza yenye hapana kuhama, ule wa nyota, na kuuondoa, kisha kugeuza picha zote zielekee upande moja na kuzipandanisha. "Kavira, ondoa nyota. Kitu kitabakia, ndio sayari." Kikabakia. Nukta kadogo, safi, pembeni. Nililia, Yaya.

Kisha nikasoma mustari ya kwanza ya programu yako. Kumbe nukta uliitia weye mwenyewe! Ile ya kupimia, ya kuona kama hesabu inaweza kukamata kitu tunajua kiko. Kila mutu wa kazi hii anaitia, najua. Mais lakini anaiondoa mbele ya kutangaza! Ulisahau? Ao ulisikia haya, sababu ulikuwa umeshaambia Mama ya kuwa umepata sayari? Jibu basi! Ulipokuwa muzima hapana ulijua kunyamaza.

Mama alisimama mbele ya kanisa muzima kule Bungulu, mujini Beni, akashukuru. Weye hapana ulizaa, basi akapatia sayari jina Masika, sawa tunaita binti wa kwanza kwetu. Siku ya kukuzika alisema, "Kambale ameacha mutoto." Batu bote bakaitika amina. Na miye nikaitika.

Jana nilienda Beni kumwambia, mbele asikie kwa mutu mwingine. Alikuwa anachagula maharagi. Hapana alilia. Aliuliza tu, "Donc, basi Masika hapana alizaliwa?" Nikasema hapana. Akaendelea kuchagula, mais alikuwa anatupa ya muzuri na kuacha ya kuoza. Ile kazi ya kumwambia ilikuwa yako, Yaya! Yako!

Nukta nimeifuta. Nitarudilia picha zote, moja moja, na kama hapana kitu, nitaandikia profesa: hapana kitu. Na Mama nitamulinda, hata kama hapana uliniomba.

Lala, Yaya. Mama amenituma nikuambie amekusamehe.

Miye bado.

Kavira