Plastiki Inayopitisha Joto

Jumatatu, 5 Mei
Nimesaga tena kaboni za betri za redio. Nimechanganya na plastiki ya ndoo iliyoyeyuka, nikamimina kwenye kopo. Nataka kiwe kibao cha nyuma ya taa ya sola, kivute joto na kulitoa nje. Vya alumini hapa Bariadi hakuna. Taa imeungua hata ugali haujaiva. Plastiki inashika joto kama bahili.

Jumatano, 7 Mei
Shemeji Masanja, kaka wa marehemu mume wangu, kaja kupima chumba changu cha kazi kwa hatua. Hata salamu ya mwangaluka hakutoa. Anataka kuweka pamba.
"Shemeji, mpini wa sufuria ni plastiki ili joto lisipite. Wewe unabishana na sufuria?"
Akacheka peke yake. Akatoa sharti: Jumamosi ya wiki ijayo taa iwe imewaka kutwa, la sivyo nitoe meza. Tofali za chumba hiki tulifyatua sisi wawili, mimi na mume wangu. Sitoki.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada nimepita kwa shemeji. Yuko ndani ya gunia, anashindilia pamba kwa miguu. Asipokanyaga, gunia linajaa hewa tu. Nikasimama natazama.
"Umekuja kusaidia au kuhesabu vidole vyangu?"
Mjinga mimi. Punje zangu za kaboni hazigusani. Katikati plastiki tupu na hewa. Joto litavukaje? Kanifundisha bila kujua. Sitamwambia.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeazima jeki ya lori. Kaboni nyingi zaidi, nikakandamiza plastiki ingali laini. Joto limetokea upande wa pili! Nimepiga kigelegele, mbuzi wa jirani wakakimbia. Kisha taa ikazima. Shoti. Kaboni inapitisha umeme pia. Fundi wa redio mzima, nimesahau. Aibu.

Alhamisi, 15 Mei
Nimechuna mika, gamba jembamba linalozuia umeme, kwenye pasi mbovu, nikaweka katikati ya taa na kibao. Umeme umekwama. Joto linapita. Shemeji aje sasa.

Jumamosi, 17 Mei
Kaja jioni na mkokoteni wa ng'ombe, magunia juu. Taa inawaka tangu asubuhi. Akagusa kibao.
"Mayo! Kinaunguza!"
"Ndiyo kazi yake, shemeji."
Akatazama taa, akanitazama mimi. Akageuza ng'ombe.

Jumapili, 18 Mei
Sikwenda popote. Nimefagia vumbi jeusi, nikafungua dirisha. Harufu bado ipo. Nimekaa humu mpaka chai ikapoa.