Siku ya Pili Bila Umeme, na Kiberiti Nimekificha

Neema amevua kofia yake sasa hivi, akaenda kukivalisha kile kidude cha ukutani kinachopima joto la nyumba. Amepanda kiti, ameivuta kofia mpaka ikakaa sawa, halafu akakipigapiga taratibu kama anabembeleza mtoto. Nimemuuliza kwa nini. Amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kinaumwa baridi, kikipona kitatupa joto tena.

Nimecheka, halafu machozi yakataka kunitoka. Ana miaka minne tu.

Leo ni Jumanne, mchana. Jua linawaka kweli, lakini ni jua la Januari la huku Minnesota, linang'aa tu halina kazi. Mvua ya barafu ilinyesha juzi usiku, miti ikalemewa, matawi yakaangukia nyaya. Tangu hapo mtaa wetu wote hapa Richfield hauna umeme. Ukipiga simu unaambiwa mafundi wako njiani. Nikiongea naona pumzi yangu. Jiko letu ni la umeme, kwa hiyo tangu jana tunakula mkate na ndizi, na ndizi zenyewe zina baridi hadi meno yanauma.

Baba Neema hayupo. Anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee kule Maple Grove, na mwenzake wa kumpokea zamu ameshindwa kutoka kwake kwa sababu ya barabara. Gari analo yeye. Asubuhi alinipigia akasema, "Vumilia, mke wangu. Na mama usimwache awashe kitu." Akakata haraka, kuna mzee alikuwa anamwita.

Usimwache awashe kitu. Kama vile mimi ni mtu wa kumkataza mama yake.

Niwaeleze kwanza wasomaji wageni wa ukurasa huu. Mama mkwe wangu humu ndani tunamwita Koko, yaani bibi, kwa sababu ndivyo Neema anavyomwita. Ni Mkongo wa milimani juu ya Uvira, na kabla ya kuja huku alikaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Mimi ni Mtanzania wa Kasulu, jirani na hiyo kambi. Baba Neema nilimpata pale sokoni, nikamfuata mpaka huku kwenye theluji. Sote tunaongea Kiswahili. Ukisikia hivyo utadhani tunaelewana.

Mimi nasema umeme. Koko anasema kuran. Mama Njeri, jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya juu, anasema stima. Neema anazijua zote tatu, halafu anakujibu kwa Kiingereza.

Mwanzoni, nilipokuja, nilijaribu kuongea kama Koko. Nilidhani atafurahi. Siku moja nikamwambia "kuya tukule, Mama", yaani njoo tule, akaweka kijiko chini akaniuliza, "Unanicheka?" Tangu siku hiyo nimebaki na Kiswahili changu cha darasa la saba, na yeye na chake. Tunaheshimiana. Lakini kuna kaukuta.

Sasa leo asubuhi.

Koko aliamka akamshika Neema miguu. Akasema, "Huyu mutoto iko baridi sawa jiwe. Leta ile mbabula ndani." Mbabula ni jiko letu la mkaa la kuchomea nyama, lile tunalotumia kiangazi. Liko nje kwenye kibaraza, na mkaa umebaki nusu gunia. Nikamwambia, Mama, hapana, mkaa ndani ya nyumba unaua. Akaniangalia kama nimetukana.

"Kule kwetu tulikuwa tunalala na moto mu nyumba. Na tulikuwa tunaamuka."

Nikatoa simu. Kulikuwa na ujumbe wa tahadhari uliotumwa kwa watu wote, na umetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri tu. Nikamsomea kwa sauti: ni marufuku kuwasha mkaa ndani ya nyumba, ni hatari kwa maisha, wananchi mnaombwa mzingatie. Nikasoma vizuri, kama nilivyofundishwa shule, nikitua kwenye kila nukta.

Koko akaanza kufunga kitambaa chake kichwani. Polepole. Akasema, "Unasema sawa mikro ya kambi."

Mikro ndiyo kipaza sauti. Pale kambini kilikuwa juu ya mti karibu na ofisi. Ni marufuku kukata kuni. Ni marufuku kutoka nje ya kambi. Ni marufuku kuuza mkaa. Nilikuwa nakisikia hata mimi nikipita na ndizi zangu za kuuza, na sikuwahi kukifikiria, kwa sababu kilikuwa hakisemi na mimi. Koko akasema, "Nilikuwa naangalia ile mikro, napika. Njo Baraka akakomaa." Yaani ule moto uliopigwa marufuku ndio uliomlea mume wangu.

Sauti ya ile mikro ilikuwa ya watu wa kwetu, Watanzania. Ningemwambia nini, kwa sauti hiyohiyo?

Halafu nyumba yenyewe. Nyumba ya kambini ilikuwa na matundu, ya udongo, juu turubai, moshi unatoka popote unapotaka. Hii hapa nimeiziba mimi. Novemba nilibandika nailoni kwenye madirisha yote, nikaikaza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma, nikajisifu sana. Haipiti hata pumzi ya mdudu. Na kile kidude cha darini kinacholia moshi ukizidi, Baba Neema alikitoa betri kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele kila nikikaanga samaki. Leo nimekirudishia betri. Nimezitoa kwenye dubu wa Neema anayeimba. Neema hajajua bado.

Lakini sikiamini sana. Na Koko akiamua, ameamua.

Kwa hiyo nilifanya jambo la kitoto. Koko alipoingia msalani, nilichukua kiberiti, kilichopo ni kimoja tu humu ndani, nikakifukia kwenye debe la unga wa ulezi. Huo unga haujaguswa tangu Neema alipoacha uji wake wa utotoni. Nikafunika, nikarudi kukaa, nikawa kama sijui kitu.

Nimemdanganya mama wa mume wangu kwa kukaa kimya. Hiyo ndiyo hali yangu leo.

Akaanza kukitafuta. Droo moja, droo ya pili, mfuko wa koti la mwanawe, chini ya makochi. "Alimeti iko wapi?" Ndivyo anavyoita kiberiti. Mimi nakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Basi akamgeukia Neema. "Mutoto ya Koko, umeona alimeti?"

Na mtoto wangu, ambaye hajui kusema uongo, akamjibu vizuri kabisa. Kwamba mama amekiweka ndani ya unga. Ule mweusi mweusi. Akaonyesha na mkono kwa mbali. Kwa Kiingereza chote.

Nikalikunja tena shati lilelile.

Koko akampapasa kichwa. "Aksanti, mama," akasema, akaendelea kutafuta nyuma ya redio. Hakuelewa hata neno.

Nimekuwa nikilalamika kila siku kwamba Neema hajibu kwa Kiswahili. Nimelia hata kanisani kwa ajili hiyo. Na leo hapo hapo nikamshukuru Mungu kwa Kiingereza cha mwanangu. Halafu nikaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Bibi na mjukuu wamekaa chumba kimoja, mmoja anauliza, mwingine anajibu ukweli, na ukweli haufiki. Na mimi niliye katikati, ninayesikia kotekote, nimefunga mdomo.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kweli. Lakini kila sentensi niliyoipanga kichwani ilitoka na sauti ya ile mikro.

Tukakaa hivyo. Koko chini ya blanketi na Neema, anaangalia kibarazani ambako jiko limefunikwa na theluji kama keki. Mara moja akasema peke yake, si kwangu, "Siwezi kuzika mutoto mwingine kwa baridi." Sikuwahi kujua. Baba Neema hajawahi kuniambia. Sikuuliza, maana hakuwa anasema na mimi.

Basi kumbe hakuwa anabishana na mimi. Sote wawili tulikuwa tunamwogopea Neema, kila mtu kwa hofu yake.

Mchana huu ndipo Mama Njeri akagonga, amevaa makoti mawili, kabeba chupa ya chai aliyochemshiwa huko kazini kwake.

"Mama Neema, hii nyumba yako imekuwa friji kabisa. Sista yangu huko Blaine ako na stima. Vaeni mkuje, nawapeleka saa hii. Nita-drive polepole, barabara kubwa wamemwaga chumvi."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini Koko alishaelewa. Kuvaa, kufunga vitu, kupakia mtoto kwenye gari, kwenda kwa watu usiowajua. Akalivuta blanketi.

"Mimi nilishamaliza kukimbia," akasema. "Mwende nyie. Mimi ni hapa."

Mama Njeri akaniangalia mimi. Nisingeweza kumwacha. Nikiondoka na Neema, yeye atakipata kiberiti au ataomba cha jirani, atawasha, atalala. Nikibaki, tunaganda wote watatu. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi.

Mama Njeri yeye haogopi kimya, anakijaza tu. Akakaa kwenye kochi, akammiminia Koko chai, akaanza kupiga stori. Kwamba hata huyo sista atafurahi kuona watu, kwa sababu ako peke yake, bwanake anaendesha trela, ako huko Dakota amekwama. Na yeye mwenyewe amejifungua juzi tu, kitoto hata hakijamaliza wiki.

Koko akageuza kichwa.

"Muzazi?"

"Eeh, shosho. Kasichana." Shosho kwao ni bibi.

"Nani anamupikiaka?"

"Hakuna. Huku kila mtu anajipikia."

"Sasa anakulaka nini?"

Mama Njeri akacheka. "Tambi, shosho. Zile za kumwagia maji moto."

Natamani mngeuona uso wa Koko. Tangu umeme ukatike sijaona hasira nzuri namna ile. "Tambi," akasema. "Muzazi wa wiki moja anakula tambi. Na wewe dada yake unakunywa chai hapa."

"Shosho, mimi nafanya shifti mbili."

"Shifti," akasema Koko, akasukuma blanketi pembeni. "Na maziwa itatoka wapi? Mu shifti?"

Mama Njeri alicheka mpaka chai ikamwagika, na Neema akacheka kwa sababu Mama Njeri anacheka. Koko hakucheka. Alikuwa tayari ameshasimama. Ananiambia mimi, si Mama Njeri, mimi: "Hatukimbii. Tunaenda kuona muzazi. Uvalishe mutoto."

Nikasema ndiyo Mama, kwa sauti ambayo hata sijui ilikuwa ya Kiswahili cha wapi.

Sasa Mama Njeri yuko chini anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akiwa tayari atapiga honi. Neema nimeshamvalisha kila kitu isipokuwa kofia, amekataa kukinyang'anya kidude cha ukutani kofia yake mpaka kipone. Mimi nimekaa hapa na simu, chaji imebaki kidogo, naandika haya kwa sababu nisipoyaandika leo nitajifanya hayakutokea.

Nimeamua hivi. Nitamwambia mwenyewe, ndani ya gari. Nitasema Mama, kiberiti nilikificha mimi, niliogopa, sikujua kusema. Nitasema kwa maneno yake, hata kama yatatoka vibaya, hata kama ataona namcheka. Na tukirudi nitambandulia nailoni dirisha moja nimwekee mkono wake pale, ahisi tofauti. Pengine kwa mkono ataelewa. Pengine na mimi nitamuuliza kuhusu yule mtoto.

Je, itanishinda tena? Sijui. Kwenye gari kuna joto, pengine na maneno yatayeyuka kidogo.

Koko yuko jikoni. Nilidhani anatafuta shali yake, lakini nasikia vyombo. Bila shaka hataki kwenda kwa mzazi mikono mitupu. Sisi wote hapo tuko sawa, Mkongo, Mkenya, Mtanzania, hakuna anayekwenda kumwona mzazi mikono mitupu. Atabeba kitu cha uji, kitu cha kurudisha maziwa, na humu ndani kitu hicho ni kimoja tu.

Ulezi.

Nasikia mfuniko wa debe.



"Mama Neema," ananiita. "Kuya uone. Bunga yako imezaa alimeti."

Nakwenda. Siwezi kujua kwa hiyo sauti kama amekasirika, ila kuna kitu ndani yake, kama vile anajizuia kucheka.