Nukta ya Kizibua

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na nyumba nzima. Mgongo vipi? Shemeji naye, bado anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta? Sisi huku wazima, ila wifi yako anasema tangu mkaguzi aifunge karakana yako ya peremende kwa ajili ya mentholi nimekuwa redio isiyozimika.

Makala zangu tatu umezisoma. Niliuliza kwa nini wala posho wa ofisi ya chakula wanamwandama mama wa watu aliyechemsha sukari miaka sita bila kumdhuru mtu. Nikaandika kwamba mentholi ni mnanaa tu, mmea wa Mungu, haina ubaya, nukta. Nilikuwa naanza ya nne ndipo swali likaniingia kama kijiwe kwenye kiatu: hivi kila peremende ina kiasi gani? Dunia nzima nimeijibu, na hilo nilikuwa silijui.

Basi Jumatatu nikatia pakiti ya Kizibua, peremende yako, mfukoni, nikaenda maabara. Mkemia ni mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliniuliza kama mimi ndiye yule bwana wa matusi ya gazetini. Nikakiri. Akasema amefurahi kuniona, alidhani nina pembe. Nikamhubiria habari ya mnanaa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mwili hauulizi cheti cha kuzaliwa: mentholi itoke shambani au kiwandani ni ileile, na hakuna aliyeikataza kwenye chakula. Kinachoulizwa ni kipimo. Wataalamu wamekadiria miligramu nne kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kiasi anachoweza kula kila siku maisha yake yote bila wasiwasi. Nikamuuliza, je, ukipitisha siku moja unaanguka? Akacheka, akasema hapana, lakini mpaka hauwekwi ukingoni mwa shimo.

Jumatano nikarudi kuchukua majibu. Akanipa kalamu nipige hesabu mwenyewe, maana alishaona mimi si mtu wa kuambiwa. Kizibua kimoja kina miligramu ishirini. Mtoto wa kilo kumi na tano akila vitatu, amefika mpakani. Na wale watoto wa jirani yako wanavitafuna kama karanga! Nilimrudishia kalamu bila kubisha, dada. Wifi yako alipohadithiwa hivyo hakuamini.

Mkemia akataka kujua unapima vipi. Nilimjibu kwa kiburi kwamba unapima kwa mizani, kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ukutani, na kwamba karatasi hiyo niliinakili mimi kutoka kitabu cha kutengeneza peremende. Akaniuliza kitabu kinasemaje. Nikarudi nyumbani mbio.

Sasa dada, kaa kitako. Kitabu kinasema kwa kilo moja ya sukari tia nusu gramu ya mentholi: sifuri, nukta, tano. Nikaikuza ile picha uliyonitumia siku ya kufungua karakana, karatasi inaonekana nyuma ya bega lako. Mwandiko ni wangu, wa madaha. Sifuri niliiona ya kazi gani, nikaiacha. Nukta sikuiweka. Pamebaki tano. Miaka sita umepima gramu tano kwa uaminifu, kwa sababu mdogo wako ni msomi.

Rafiki yako anayekuuzia mentholi, yule uliyemwita tapeli mbele ya watu ukidhani amekuuzia mentholi mbovu, ukaapa hutamsemesha tena, hana kosa hata chembe. Mpelekee barua hii aisome. Mkaguzi naye alikuwa sahihi, na kuliandika hilo kumeniuma kama jino. Siku ya kikao chako na ofisi ya chakula nitakuwapo na kitabu mkononi, niseme mbele yao kosa ni la nani. Makala ya nne nimeshaipeleka. Ni fupi kuliko zote.

Wakikufungulia mlango, karatasi ile usiichane. Tia sifuri na nukta kwa wino mwekundu, kubwa, kila mgeni azione.

Wasalimie wote, na unigombeze nikifika, usisubiri nikae.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye maneno mengi, na nukta moja pungufu