Kiti cha Dirishani

Yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa mapendo mengi, wewe na shemeji na mama yetu, na wote wanaolala chini ya bati lile. Mnaendeleaje? Mgongo wa mama umetulia au bado unamsumbua? Ukuta wa nyuma mliujenga, au mvua imeushusha tena? Niandikie yote, usinifiche. Najua hapa ulitegemea nikuambie kwamba mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, kama tulivyofundishwa kuanza barua. Leo siandiki hivyo. Nimepigwa marufuku kusema mimi ni mzima, na aliyenipiga marufuku ni Mama Esther, jirani yangu Mrundi ambaye tunatumia naye jiko moja hapa mtaani Hillbrow. Nitakueleza.

Barua hii anakuletea kaka mmoja wa kanisani anayekwenda Uvira kusalimia. Ukiona mwandiko umepinda kama wa mtoto wa shule, usicheke. Kalamu nimeizungushia kitambaa ili iwe nene, naandika kidogo, napumzika, narudi tena. Ile baridi yabisi niliyokuambia kwenye simu kwamba ni maumivu kidogo tu, si kidogo, Yaya. Daktari wa kliniki amesema ni ugonjwa wa kukaa nao. Asubuhi vidole vinaamka vimevimba, havikunjiki. Solange ndiye ananifunga vifungo vya blauzi kabla hajaenda shule, mtoto wangu mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye wa kupelekwa shuleni. Na baridi ya hapa mwezi wa saba haina huruma na mtu.

Kusuka nimeacha. Yaani, vidole vimeacha, mimi bado nilikuwa nakataa. Kila siku nilishuka saluni, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikajifanya nimekuja kupiga stori. Mtu akiniuliza, "Mama Solange, unarudi lini?" najibu, "Mwezi ujao." Mwezi ujao huo umekuwa mrefu!

Nani anakaa kwenye kiti changu? Neema. Unamkumbuka Neema, yule dada wa Bukavu aliyekuja hapa hajui hata kugawa nywele? Nilimfundisha mimi, kuanzia kushika chanuo. Leo anakaa kwenye kiti changu cha dirishani, pale ambapo wapita njia wanakuona unavyosuka, wanavutiwa, wanaingia. Yule mwalimu Mzulu niliyekuwa namsuka kila Pasaka, sasa ni wa Neema. Wale mapacha wa mchungaji, wa Neema. Vidole vyake vinakimbia, Yaya, vinakimbia mpaka natamani kuvikanyaga. Mungu anisamehe, ni wivu, sina jina jingine la kuuita. Nilikuwa nakaa pale namtafutia kosa, natazama mstari kwa mstari. Sipati.

Jumamosi moja nimetoka kliniki, nafungua mlango, namkuta Solange amekaa sakafuni katikati ya magoti ya Neema, anasukwa. Mwanangu! Kichwa ambacho hakijawahi kuguswa na mkono mwingine tangu azaliwe. Solange akaniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi, "Mama, wewe huwezi tena, nami nina picha ya shule Jumatatu." Neema akainuka kunisalimia kwa heshima zote, nami nikaitikia. Kisha nikaingia jikoni nikafungulia bomba, nililie pale nisisikike.

Sasa sikia. Serikali ya hapa inatoa msaada kila mwezi kwa mtu ambaye mwili wake haumruhusu tena kufanya kazi, na hata sisi wenye karatasi za ukimbizi tunaruhusiwa kuomba. Bila huo, mimi na Solange hatutaendelea kukaa kwenye chumba hiki, ndiyo hali ilivyo. Niliomba. Wakaniambia daktari wao atanipigia simu, aniulize maswali, ndipo waamue. Simu, Yaya! Mtu atapimaje vidole vyangu kwa simu?

Mama Esther yeye anaupata msaada huo tangu apigwe na kiharusi. Mguu wake anauburuta, ana mkongojo, ukimwona tu umeshamwelewa. Mimi nikisimama kwenye robot, hizi taa za barabarani, nangoja kuvuka, na kitenge changu kimepigwa pasi, nani atajua kwamba hata kufungua chupa siwezi? Nikamwonea wivu na yeye. Ona nilipofika, namwonea mtu wivu kwa kiharusi chake! Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Njoo tubadilishane," akasema, "nami nichukue na wembamba wako."

Ndiye aliyenifanyisha mazoezi. Anakaa kitandani kwake, ananipigia simu, mimi niko jikoni.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri sana, namshukuru Mungu."

"Umeanguka! Tuanze upya. Habari yako, mama?"

"Nzuri kidogo."

"Eish! Mama Solange, hiyo nzuri ni ya nini? Daktari ataandika kwamba uko nzuri, na huo ndio mwisho wako!"

Lakini Yaya, wewe unajua. Kwetu hata msibani unaulizwa habari na unaitikia nzuri, halafu ndipo unasema tumefiwa. Mdomo unatangulia wenyewe. Akaniuliza kama naweza kufua, nikasema naweza. Akauliza nani alifua mashuka ya juzi, nikasema Solange. Akanipigia kelele mpaka watu wa chumba cha juu wakagonga sakafu.

Kufua nilijifunza kusema siwezi. Kupika pia, na vifungo. Tukifika kwenye swali la kusuka, nanyamaza.

"Sema, mama. Huwezi."

"Nikisema siwezi, kiti kimekwenda."

"Kiti kimekwenda zamani. Wewe ndiye umebaki."

Nilimkatia simu, na siku ile nzima sikuongea naye, ingawa jiko ni moja.

Akarudi na jambo baya zaidi. Eti daktari anaweza kutaka kuongea na mtu aliyeniona kazini, nimtafute Neema akae nami siku hiyo. Nani, Neema? Nikasema bora waninyime. Basi yule mwanamke akachukua mkongojo wake, akashuka ngazi zote zile, maana lifti imekufa siku nyingi, akaenda saluni kumwomba mwenyewe. Siku ya simu Neema akafika na bakuli la sombe ya majani ya muhogo, amevaa kama anakwenda ibada. Nilimwambia aksanti bila kumtazama.

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, mpole, Kiingereza chake cha polepole. Nami Kiingereza cha saluni ninacho. Tukaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Akaniuliza naendeleaje leo. Ile nzuri ilikuwa imeshafika kwenye meno! Mama Esther akapiga sakafu kwa mkongojo, puu, nikaimeza. Nikasema, "Siendelei vizuri, daktari." Yaya, niliona aibu kama niliyevua nguo. Lakini nikaendelea, nikamweleza chupa, mashuka, vifungo. Akauliza kazi. Nikasema mimi ni msusi. Akauliza kama bado nasuka, nikaanza kuzungukazunguka, mara baridi, mara dawa. Ndipo akauliza kama kuna mtu aliyefanya kazi nami.

Neema akaipokea simu kwa mikono miwili, akasimama.

"Huyu mama anaweza kusuka?"

"Daktari, Mama Solange ni mwalimu wetu," Neema akasema. "Hapa mjini hakuna anayemfikia. Vyote ninavyojua ni vyake."

"Kwa hiyo bado anakuja kazini?"

"Kila siku. Hajakosa."

Mama Esther akajishika kichwa. Wala Neema hakuwa na nia mbaya. Wewe ungeweza kusimama mbele ya aliyekufundisha, naye anasikia, useme hawezi kitu? Angeng'ata ulimi kwanza.

Na mimi, Yaya, nikuambie ukweli wangu. Maneno yale ndiyo niliyokuwa na njaa nayo muda wote ule. Hakuna anayemfikia! Na aliyeyasema ni yeye, mbele ya daktari. Yalikuwa matamu, nakuapia, nikatamani simu ikatike pale pale nibaki nayo. Kisha nikaona viatu vya Solange vimekaa mlangoni, pea moja tu inayomtosha, nikamnyang'anya Neema simu.

"Daktari, huyu ananiheshimu tu," nikasema. "Siwezi. Chanuo linaniponyoka. Naenda pale kukaa, sisuki. Anayesuka ni yeye, kiti ni chake, hata mwanangu anasukwa na yeye."

Nikasikia daktari anaandika. Akaniuliza tangu lini, akaniuliza na mkono wa kushoto, akasema aksanti kwa kusema kweli, jibu litakuja. Neema alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mchanga. Tukala sombe yake. Ilikuwa tamu, na hilo nalo likaniuma.

Jibu halijaja bado. Niombeeni.

Usidhani wivu umeisha. Jana nimeshuka saluni, mteja mpya akaniuliza kama mimi ndiye msusi. Nikamwonyesha dirishani. Nikakaa kwenye benchi langu nikamtazama Neema anavyoanza, na Yaya, hatimaye nikaliona kosa! Anakaza mno pembeni ya paji la uso, nywele changa za pale zitakatika. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo, mama," akafumua, akalegeza, akanigeukia nimkubalie ndipo aendelee. Nimefurahi mpaka leo.

Nisalimie mama, umwambie vidole vinauma lakini mdomo bado unafanya kazi. Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kalundu, na mdogo wetu fundi wa pikipiki, mwambie anitumie ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, kaka huyu akirudi huku. Ukinijibu, usinianzie na "sisi wote wazima". Nianzie na mgongo wa mama.

Ni mimi mdogo wako, mwenye wivu wake,

Zawadi, Mama Solange