Walivyokutenga, Komora

Komora ndugu yangu,

Sijui kama huko barua zinafika, na kama zinafika sijui nani atakusomea mwandiko wangu. Ulizoea kusema unafanana na suruali ninazoshona, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Vumilia hivyo hivyo. Nina hasira, na hapa Minjila kila ninayetaka kumwambia ananishika mkono na kuanza kuniombea.

Nianze na mazuri, maana shemeji Hawaye amenikataza kukuletea mabaya matupu. Mto umerudi mahali pake. Migomba yako imechipua, na mahindi ya mwaka huu yamesimama kama askari. Yeye mkeo anakula. Anasema pia kwamba analala, lakini hilo mimi siliamini.

Habari yenyewe ni hii. Kanisa limejenga ukumbi, na wazee wa kanisa wamekaa, wakaomba, wakaamua uitwe jina lako. Ukumbi wa Mzee Komora. Walipokuja kuniambia nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Wanataka nishone pazia la kufunika jiwe la jina mpaka siku ya ufunguzi, Jumapili hii. "Fundi, tushonee kitu cha heshima." Tena nitoe ushuhuda, kwa kuwa nilikuwa rafiki yako. Wazee wale wale, Komora. Hakuna hata mmoja aliyebadilishwa.

Kuna wageni wanakuja kutoka makao makuu. Mtu aliwasimulia kwamba huku kwetu palikuwa na Mkristo aliyewafungulia kanisa majirani Waislamu wakati wa mafuriko, nao wakasema huyo ndiye mfano tunaoutafuta. Wazee wetu wakaitikia amina, utadhani ni wao waliozungusha ufunguo.

Ulizungusha wewe. Maji yalikuwa yamezunguka kila kitu, na pakavu palikuwa pale kwenye kilima cha kanisa peke yake. Barisa, yule jirani yetu Mworma mfugaji, akaja amembeba mama yake mgongoni, watoto nyuma, na ndama na mbuzi waliosalia. Wewe ndiye uliyekuwa mzee wa kanisa wa zamu, na hukumuuliza mtu. Nilipofika kusaidia ukaniambia, "Fundi, mshike huyo ndama. Usimwimbie, ana shida za kutosha." Mbuzi wakatafuna kitambaa cha madhabahu nilichokishona mwenyewe, nawe ukasema ndiyo mara ya kwanza kazi yangu kumfurahisha mteja.

Maji yalipopungua wazee wakakuita. Hawakusema umewaingiza Waorma. Hilo hawawezi kulisema, wameokoka. Walisema umenajisi madhabahu kwa mifugo. Lakini nani asiyejua lililokuwa mioyoni? Kiangazi kilichotangulia ng'ombe walikula mahindi ya watu, na watu nao walikuwa wamelima juu ya malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na kila upande ukakumbuka kosa la mwenzake tu. Tena mbuzi si mgeni pale. Kila Krismasi tunamwingiza kwenye igizo la kuzaliwa kwa Bwana, mwenyekiti wa wazee mwenyewe akivuta kamba, watu wanapiga makofi, mbuzi akiacha choo karibu na mimbari tunacheka. Kumbe yule wa Krismasi ni muumini. Wa mafuriko alikuwa wa Barisa.

Wakakutaka utubu mbele ya kanisa. Ukajibu, "Nikitubu hilo nitakuwa nimedanganya madhabahuni, halafu itabidi nitubu uongo." Nilikuwa kwenye kwaya siku tangazo liliposomwa: Komora ametengwa na ushirika. Meza ya Bwana ikaanza kukupita. Nawe ukaendelea kuja kila Jumapili, ukakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ukaimba kwa sauti kuliko sisi tuliovaa sare.

Halafu kifua kikakuchukua, na tangazo likiwa bado halijaondolewa.

Aliyetengwa haingizwi kanisani, hata akiwa ndani ya jeneza. Basi tulikuweka nje, juu ya viti viwili, juani, mlango umefungwa mbele yako. Kengele haikupigwa. Mchungaji alipata safari ya ghafla. Maombi niliyasoma mimi, na unajua ninavyosoma. Barisa na wanawe walifukia kaburi mpaka mashati yakashika miili yao. Tulipomaliza alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ufunguo umepotea?"

Nikamwambia ndiyo, umepotea. Ningemwambia nini, Komora?

Na wazee walikuwepo wote. Mwenyekiti alilia, machozi ya kweli, nilikuwa karibu naye. Baadaye walimpelekea Hawaye unga na sukari, mmoja mmoja, kila mtu akipita uani ili mwenzake asimwone. Hapo ndipo ninapochoka. Wangekuwa watu wabaya ningepumzika. Ukimkuta mmoja wao peke yake shambani atakukatia mkungu wa ndizi bila kuombwa. Waweke pamoja kwenye kikao, kifunguliwe kwa sala, na watafanya jambo ambalo hakuna mmoja wao angelifanya akiwa peke yake. Tena watalifunga kwa sala.

Sasa wamekupenda. Mtu akishakuwa jiwe hana shida, hajibu, hafungulii watu milango.

Walipokwenda kwa Hawaye kuomba ruhusa ya jina, hakupiga kelele. Aliwapa chai, akangoja wamalize, akasema, "Mlimtenga mbele ya watu. Mrudisheni mbele ya watu, ndipo mlichukue jina lake." Mimi ndiye niliyetumwa kufuata jibu. Wakaniambia utaratibu hauruhusu. Anayerudishwa ni aliyetubu, na marehemu hatubu.

Kisha Mchungaji akapata wazo. Akatabasamu kama mtu aliyepata miwani yake mfukoni. "Kwani kutengwa ni nini?" akatuuliza. "Hata mitume walitengwa. Waliwekwa kando kwa kazi ya Bwana. Tutaandika jiweni: Mtumishi Aliyetengwa." Kikao kizima kikashusha pumzi. Mwenyekiti akasema, "Naam, hata mama atafurahi." Komora, mimi ni fundi. Nimegeuza vitambaa vingi ndani nje ili kuficha doa. Neno sijawahi kuona likigeuzwa hivyo, tena na watu waliofunga macho.

Nilipomfikishia Hawaye maneno hayo alisema, "Waambie mimi siji." Akaingia ndani.

Na Mungu? Tunazungumza, ila si kama zamani. Nikipiga magoti najikuta namsomea mashtaka ya wazee, nikifika katikati nakumbuka kwamba Yeye alikuwepo. Namuuliza mbona alinyamaza. Mpaka leo hajanijibu. Bado naenda kanisani. Sijui pengine pa kumpelekea hasira hii.

Basi sikiliza nitakachofanya. Pazia nimeshona, na safari hii ncha zake zimelingana, nimepima mara nyingi. Jumapili watanipa kipaza sauti nitoe ushuhuda, wageni wakiwa wamekaa mbele. Nitalisema lile tangazo kama lilivyosomwa, neno kwa neno, nalikumbuka. Nitawaambia wageni neno lile siku ile lilikuwa na maana gani, na jeneza lako lilikaa upande gani wa mlango. Kisha nitasema tulikosea, na nitaomba anayekubali asimame, ili Hawaye apelekewe habari hiyo kwa mdomo wa watu wengi. Huenda wakasimama. Nawafahamu, wapo wanaotamani mtu mwingine aanze. Huenda pia asisimame hata mmoja, nami nikabaki pale mbele na kipaza sauti mkononi, na mwenyekiti akamwashiria mpiga kinanda.

Lala, ndugu yangu. Nimekuahidi na sitarudi nyuma, ingawa unajua mimi ni mwoga, hata bata wa Hawaye ananifukuza. Jina lako halitakaa kwenye ukuta ule kabla halijasafishwa kwa sauti. Na wakinitenga na mimi, basi tutakuwa wawili.

Ni mimi,
Fundi