Begi la Nusaiba

Mwanakombo shoga yangu, mratibu katoka sasa hivi.

Yule dada Gladness, mratibu wa watu wenye ulemavu. Si nilikwambia anakuja kumchukua binti yangu Nusaiba ampeleke kituoni akatunzwe huko? Mgongo wangu haumbebi tena, nikaona dua imejibiwa. Nusaiba nikamwambia ni watu wa kituo wamemwita. Nikamsuka, nikafunga begi, hadi mswala wa marehemu baba yake nikautia.

Gladness kaliona begi mlangoni. "Mama, mie sichukui mtu. Nimekuja kumsikiliza Nusaiba anataka nini, nimtafutie kiti cha magurudumu, mazoezi, hata ufundi wa cherehani. Anabaki hapa hapa kwao."

Kwao. Neno hilo kalirudia.

Nusaiba akanitazama. "Kwa hiyo hawajaniita. Ni wewe, mama."

Ni wewe, mama. Ndivyo alivyoniambia, Mwanakombo.

Mgeni alipoondoka nikataka kurudisha nguo kabatini. Nusaiba akasema taratibu, wala hakulia, "Liache hapo hapo. Usije ukahangaika kulifunga tena."

Adhuhuri inaadhiniwa. Mswala umo ndani ya begi, na mie naogopa kulifungua.