Kichuguu Tunacholala Ndani Yake

Papa wangu,

Sijui kama barua hufika huko uliko, lakini wewe uliyefanya kazi ya reli ulizoea kungoja vitu vinavyochelewa.

Nimekuwa mwandishi. Usicheke. Ninaandika insha za maisha yangu, na kundi letu la waandishi wa mtaa wa Bel-Air limetaka kila mmoja aombolezee mazingira ya kwao yaliyobadilika, kisha asome mbele ya wenzake Jumamosi. Sikutafuta mbali. Nikachagua kichuguu chetu cha Kasungami, kile kilichokuwa kirefu kuliko nyumba na kutuzalia uyoga kila mvua za kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwadanganya kumbikumbi? Mvua ikichelewa, ulipanda juu ya kichuguu na beseni ukalipiga kwa vijiti, taratibu kama manyunyu, mpaka wenyewe watoke wakidhani mvua imefika. Mama aliwakaanga bila mafuta, maana wana yao. Ulituambia uongo ni dhambi, isipokuwa kwa kitu chenye mabawa.

Basi nikaandika kwamba watu wakatili walikibomoa. Nililia hasa, hadi karatasi ikalowa. Nikamsomea Mama, naye akachambua maharagwe yake mpaka nilipomaliza.

“Bantu gani bakatili?” akauliza. “Si Papa yako njo alibomoa? Uko unalilia ile udongo, na uko unalala ndani yake.”

Ni kweli ulikichimba mwenyewe ukafyatua matofali, na miti iliyokizunguka ikaishia kwenye tanuru. Mimi nilikanyaga udongo nikiimba, matope hadi magotini, nikijiona fundi mkuu. Tulipata nyumba. Mvua zilipokaribia, ulichukua beseni lako, ukasimama mbele ya ukuta wa sebuleni na kuanza kupiga. Tulicheka mpaka Mama akakaa chini. Wewe pia ulicheka, ila ulipiga muda mrefu mno kwa mtu anayetania.

Nilitaka kukuficha, Papa. Nilidhani nikikutaja nitakuaibisha, na nisipokutaja nitabaki na huzuni safi. Nimekukosa sana, na kichuguu nimekikosa, na nyumba hii ninaipenda. Yote matatu ninayabeba pamoja. Nimefuta “watu wakatili” nikaandika: Papa yangu alikibomoa, nami nilikanyaga udongo. Hivyo ndivyo nitakavyosoma Jumamosi, hata sauti ikinikatika.

Jana mawingu yalijikusanya yakakataa kunyesha. Mama akaniletea beseni. Tukasimama mbele ya ukuta wako, nikapiga taratibu, kama ulivyonifundisha. Hakutoka kumbikumbi hata mmoja. Alitoka jirani tu, akaja mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

“Iko,” Mama akamjibu. “Ingia, ikala.” Akamsogezea kiti.

Pumzika, Papa. Beseni nimelitundika palepale ulipokuwa ukilitundika.

Binti yako, mkanyaga udongo